Mama Winfrida Ajifunza Kutembea Bila Shughuli

Zamani mgeni akiaga tulimsindikiza hadi pale ambapo yeye mwenyewe alituomba turudi. Siku hizi tunampigia simu mtu wa bodaboda, na mlango unafungwa kabla vumbi halijatua. Naanza na hilo kwa sababu kosa nitakalolieleza lilizaliwa na desturi hiyo, na wa kwanza kulifanya ni mimi.

Jirani yangu wa Ujiji, Verediana, tulimwita Mama Winfrida. Tuliendelea kumwita hivyo hata baada ya Winfrida kufariki, maana jina la mtoto likishamkaa mama halitoki. Alizaliwa Kalinzi, juu milimani kwenye kahawa na migomba. Alipokuwa na miaka tisa alianza kushuka na mama yake kwa miguu hadi Mwamgongo, kando ya ziwa, wamebeba maharage, na kesho yake kupanda tena wamebeba dagaa. Aliniambia kwamba katika miaka yote aliyopita njia ile hakumbuki kushuka wala kupanda hata mara moja bila mzigo kichwani. Wasichana wa leo wanashushwa na pikipiki, na wakitua wanalalamika kwamba mgongo unauma.

Aliolewa na Yakobo wa hapa Ujiji, mwuza mawese. Alichobadilisha ni mzigo tu. Kwa miaka thelathini alitoka Simbo na ndoo ya mawese kichwani, akapita Ujiji, akafika Mwanga, akarudi na ndoo tupu ili kesho aende tena. Walizaa watoto watatu, akabaki mmoja. Kisha Yakobo naye akafa, na ndoo ikaendelea.

Mtoto aliyebaki ni Winfrida. Alisoma, akapata kazi ya ukalimani katika kambi za wakimbizi upande wa Kasulu, kwa kuwa mtu mwenye Kiha hapati taabu na Kirundi. Huko alikutana na Mhispania mchimba visima aitwaye Marselino. Walifunga ndoa Kigoma mjini, nami nilikuwepo, wakaenda kuishi katika mji mdogo wa pwani, kaskazini mwa Hispania. Alirudi mara moja tu, akiwa na binti wa miaka miwili, Esther. Baada ya hapo ilibaki simu ya kila Jumapili baada ya misa. Miaka mitatu iliyopita alikufa kwa ugonjwa wa mishipa ya fahamu, akiwa na miaka arobaini na moja.

Mazishi tuliyatazama kwenye simu. Picha ilikatika mara tatu, na mara ya mwisho iliporudi, watu walikuwa wanaondoka. Mama Winfrida alikaa mkekani siku tatu kama inavyotakiwa. Hakulia. Wanawake walikuja tayari kulia naye, wakamkuta anauliza kama chai imewafikia wote. Siku ya nne alikunja mkeka akaenda kuchota maji. Wapo waliosema ana moyo mgumu. Mimi nilimtazama sana siku zile, na sikuona ugumu wala ulaini. Alikuwa kama mtu aliyekaa juu ya mguu wake mpaka ukafa ganzi, akawa haujui tena kama ni wake.

Mwaka jana, mwezi wa sita, alikuja kwangu na simu mkononi. Marselino alikuwa ametuma sauti. Kiswahili chake ni kile cha kambini, cha kuuliza maji yako wapi na foleni inaanzia wapi. Alisema atakuja mwezi wa saba na Esther, ambaye sasa ana miaka kumi na moja, na watakaa siku tano. Kisha akasema hivi, na Mama Winfrida alinirudishia mara nne ili nisikie vizuri: "Mama, Esther hapana sema mama yake ndani ya nyumba. Miaka mbili hapana sema. Esther sema wakati sisi pasear. Mama yake na yeye, kila jioni, pasear."

"Hilo neno," Mama Winfrida akasema. "Amelisema mara mbili. Ni Kiswahili gani?"

Nilimwambia si Kiswahili, ni Kihispania, na kwamba ameliacha hivyo kwa sababu hakuwa na jingine.

Hapa lazima nieleze kwa nini alikuja kwangu. Nilikuwa mfagizi, kisha mpokeaji wageni, katika nyumba moja ya kulala wageni karibu na bandari. Wazungu wakienda Gombe kutazama sokwe waliacha vitabu vyumbani. Meneja alivitumia kuwashia jiko. Mimi nilivichukua nyumbani. Kimoja kilikuwa cha kujifunza Kihispania, bila jalada, na kurasa za mwanzo zimeliwa na mende. Nilikisoma miaka ishirini na sita. Sikuwahi kupata mtu wa kuzungumza naye. Siku hizi vijana wana lugha zote za dunia ndani ya simu, na hata salamu ya Kiha hawaijui.

"Maana yake nini?" akauliza.

Nilifungua kitabu, ingawa nilikuwa nakijua. Nikamsomea: kutembea kwa starehe, bila haraka, bila kusudi la kufika mahali.

"Bila kufika mahali? Sasa unajuaje kwamba umefika?"

"Hufiki. Unageuka tu, unarudi."

"Mlevi ndiye anayetembea hivyo," akasema, bila kucheka.

Kisha akaniambia anachotaka. Hakutaka Kihispania chote, alisema kichwa chake hakina nafasi. Alitaka neno hilo moja, ajue kulisema na kulifanya. Maneno yake nayakumbuka: "Mwanangu aliishi kule miaka tisa bila mimi, na akafa kule. Sijui alikufaje. Kila Jumapili alinionyesha uso tu, anasema amechoka kidogo. Huyu mkwe wangu hana maneno ya kunieleza. Mtoto anayo, lakini akikaa hasemi. Basi nitatembea naye."

Nilimwambia nitamfundisha. Na hapo ndipo nilipoharibu.

Kitabu kilikuwa kimesema sawa. Lakini niliona maelezo yake hayatamwingia mtu ambaye tangu ana miaka tisa hajapiga hatua mia bila shughuli. Nikatafuta katika mambo yetu kitu kinachofanana. Nikamwambia: ni kama kusindikiza, kile ambacho kwa Kiha chetu tunakiita kuherekeza. Wewe huna safari, mwenye safari ni mwenzako. Unakwenda kwa ajili yake tu, mnaongea njiani, unarudi. Uso wake ukafunguka kidogo. "Kumbe ni kitu chetu," akasema. Nilijiona nimetoa maana nzuri kuliko ya kitabu. Mtu aliyejisomea mwenyewe ana ugonjwa huo, hana wa kumsahihisha.

Tulifanya mazoezi wiki tatu. Nyumba yangu na yake zimeachana kama nusu kilomita, na katikati kuna karavati linalopitisha maji ya mvua. Jioni nilikwenda kwake, nikanywa maji, nikasimama na kusema: "Pasear." Naye alisimama, akanisindikiza hadi karavatini. Pale tulipeana mikono, akalirudia neno hilo, akarudi kwake. Kesho yake alikuja kwangu, nami nikamsindikiza hadi palepale. Alilitamka vizuri kuliko nilivyotarajia, isipokuwa mwishoni aliongeza irabu kidogo, kama sisi sote tunavyofanya.

Shida haikuwa ulimi. Shida ilikuwa mikono. Siku ya kwanza alitoka akiwa ameshika ndoo tupu. Nilimuuliza ni ya nini, akasema mwanamke wa umri wake hawezi kuonekana barabarani mikono mitupu. Watu watadhani ana wazimu, au anakwenda kuomba. Nikamwacha na ndoo yake.

Karavatini hapo ndipo Yunisi anapokaangia mihogo, na hapohapo ndipo Kurwa anapoegesha bodaboda yake akisubiri abiria. Hakuna kilichopita bila kusemwa. Siku za kwanza waliuliza tunakwenda wapi. Nilipojibu hatuendi popote, Kurwa akasema, "Basi mzee pandeni, nitawapeleka hapohapo kwa bei poa." Wiki ya pili Yunisi alikuwa ameshatunga hadithi yake.

"Mzee Dismasi," akasema, akigeuza mihogo, "mnaagana kila jioni kama mtu anapanda treni kwenda Dodoma, na kesho mko hapa tena. Si umwoe tu mama wa watu, apumzike na hiyo ndoo?"

"Huyu ni mwalimu," Mama Winfrida akamjibu. "Mume nitamtafuta mwenye meno."

Hata Kurwa alishuka kwenye pikipiki kwa kucheka. Tulirudi kila mmoja kwake. Nilifikiri jinsi ambavyo miaka arobaini iliyopita hakuna ambaye angeuliza. Barabara ile ile ilijaa watu wanaosindikizana. Rafiki alimfikisha rafiki, akarudishwa, akamfikisha tena, mpaka mama mmoja akapaza sauti kuita chakula. Sasa wawili wakitembea polepole lazima wawe wachumba au wamepotea.

Wageni walifika kwa ndege ya mchana, siku ya Jumanne. Marselino alikuwa amezeeka upande mmoja wa kichwa, mvi zote kushoto. Esther alikuwa mrefu, na alipogeuka kuchukua begi nilimwona Winfrida, kisha akageuka tena nisimwone. Alimwamkia bibi yake "Shikamoo" kama alivyofundishwa, kisha akanyamaza. Mama Winfrida alimpa mgebuka wa kuchoma. Mtoto alikula upande mmoja tu wa samaki. Kimya chao kilikuwa kinafanana, cha mtoto na cha bibi, na Marselino alikaa katikati akitabasamu bila sababu.

Jua lilipopungua, Marselino alisimama, akanyoosha mgongo, akamtazama mkwewe akasema lile neno. Mtoto akasimama haraka. Mimi nilikuwa nimekaa kibarazani na nililisikia. Niliona Mama Winfrida ananitazama, kama mwanafunzi anayemwonyesha mwalimu kwamba swali limekuja lile alilosoma. Akachukua ndoo. Wakatoka watatu.

Sikuwafuata. Kilichotokea nilikielewa baadaye. Walitembea hadi karavatini. Mtoto alikuwa ameanza kusema kitu. Marselino anakumbuka kwamba alikuwa ameshasema neno "mama". Hapo Mama Winfrida akasimama. Akaweka ndoo chini, akamshika mtoto mikono yote miwili kwa heshima, akasema "Pasear" wazi kabisa, akageuka, akarudi nyumbani kupika. Aliwasindikiza, tena aliwasindikiza vizuri. Aliwapa mgongo bila kugeuka nyuma, maana kwetu anayesindikiza akigeuka nyuma anamvuta mgeni arudi.

Mtoto alibaki amesimama karibu na mihogo ya Yunisi. Akamuuliza baba yake bibi amekasirikia nini. Marselino hakujua. Wakaenda mbele kidogo, wakarudi. Jioni hiyo Esther aliingia chumbani na simu yake na hakutoka hadi chakula.

Kwangu Mama Winfrida alikuja asubuhi ameridhika. Aliniambia neno limefanya kazi, ila mtoto hajasema kitu, labda kesho. Nikamwambia ndiyo, labda kesho. Jumatano jioni Marselino alisimama tena na kumwita binti yake, binti akatikisa kichwa. Alhamisi na Ijumaa walikwenda Gombe kwa boti kutazama sokwe, wakalala huko usiku mmoja. Kati ya siku tano ikabaki moja.

Jumamosi asubuhi Marselino alinijia peke yake. Nilimwamkia kwa Kihispania changu cha kitabuni, naye akanitazama kama mtu aliyeamkiwa na ukuta. Alisema polepole ili nielewe. Alitaka kujua kwa nini mama hakutaka kutembea nao. Alisema Esther anaamini bibi yake alimfukuza karavatini, kwamba alimshika mikono akamwambia nendeni mkatembee wenyewe. Alisema walikuja kutoka mbali kwa jambo hilo moja.

Nikamweleza, kwa lugha zote nilizonazo na kwa vidole, kwamba kosa ni langu, na kwamba mwanamke yule alifanya heshima kubwa aliyonayo. Sijui alielewa kiasi gani. Aliposikia habari ya wiki tatu za mazoezi, alifunika macho kwa mkono akakaa hivyo.

Nilikwenda kwa Mama Winfrida. Alikuwa anachambua mchele. Nilimwambia kila kitu wima, sikuketi. Nilimwambia kusindikiza kuna mwisho, na lile jambo lao halina mwisho. Anayetembea nawe hakuachi njiani, mnakwenda wote na mnarudi wote. Nilimwambia kitabu kilisema hivyo tangu mwanzo na mimi ndiye niliyekipinga.

Aliendelea kuchambua. Alitoa mawe mawili, akayaweka pembeni.

"Kwa hiyo nilimfukuza," akasema.

"Ulimsindikiza."

"Kwangu. Kwake nilimfukuza." Akapeta mchele, akautazama. "Na alikuwa ameshaanza kusema?"

Ningeweza kukanusha. Nilisema ndiyo, alikuwa ameshaanza.

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Aliniuliza ndege yao ni saa ngapi kesho, nikasema saa mbili asubuhi. Akasema basi jioni niwepo, nitembee nao, nimtafsirie, kwa kuwa nafasi ya kukosea imekwisha.

Jioni hiyo alioga, akavaa kitenge alichovaa siku ya harusi ya Winfrida. Akatoka ndani mikono mitupu. Nilimwona anavyoibeba mikono ile, ameikunja mbele ya tumbo kama mtu aliye kanisani. Esther alikuwa amekaa kwenye ngazi. Mama Winfrida alisimama mbele yake.

"Esther," akasema. "Pasear. Mimi na wewe."

Mtoto alimtazama baba yake. Marselino alisema kitu kifupi, kwa sauti ya chini, na yeye mwenyewe akabaki amekaa. Mtoto akafunga kamba za viatu. Ilichukua muda mrefu kwa sababu alizifunga, akazifungua, akazifunga tena.

Tulitoka watatu. Karavatini Yunisi alifungua mdomo, akamwona Mama Winfrida hana ndoo, akaufunga. Kurwa alisogeza pikipiki yake tupite. Tulipita. Nilimwona mtoto anakaza mwendo hapo, anatazama mikono ya bibi yake, lakini safari hii bibi hakuitoa kuaga. Tuliendelea kushuka kuelekea ziwani.

Ufuko wa Ujiji si ule wa zamani. Maji yamepanda miaka hii, yamekula nyumba za chini na miti, na pale tulipokuwa tunasimama kupokea mizigo kutoka Kongo sasa panaogelewa. Watu wanaanika dagaa juu zaidi, juu ya nyavu zilizotandazwa mchangani. Tulipita kando ya nyavu hizo. Wanawake waliotufahamu walisalimia, na kila salamu ilitusimamisha, na nilihofia mtoto atachoka kabla hajasema neno. Mama Winfrida alianza kujibu akiwa anatembea, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Mmoja alinung'unika kwamba Mama Winfrida amepata wageni wa Ulaya na kiburi kimeingia. Hakugeuka.

Tulikwenda kama robo saa. Halafu mtoto akaanza. Hakuanza kwa sauti ya kueleza habari. Alianza kama mtu anayeendeleza maneno aliyokatishwa jana. Alitazama mbele, maji yakiwa upande wake.

Na mimi sikumwelewa.

Miaka ishirini na sita ya kitabu, na mtoto wa miaka kumi na moja alinipita kama treni inavyopita stesheni ndogo. Kitabuni maneno yamesimama mbalimbali, kila moja na mahali pake. Kinywani mwake yalikuwa yameshikana. Nilinasa moja hapa, moja pale. Mama Winfrida alinitazama.

"Anasema nini?"

"Upepo," nikasema. "Kwao kuna upepo sana. Na ukuta, ukuta mrefu kando ya bahari. Walitembea juu yake."

"Yeye na Winfrida?"

"Yeye na mama yake. Kila jioni."

Akaitikia kwa kichwa. Mtoto akaendelea. Nilimwomba aseme polepole, akajaribu, akasahau. Nilipata "viatu": Winfrida alivua viatu wakati mwingine akatembea pekupeku, watu wakamtazama. Mama Winfrida aliposikia hilo alisema, "Ndiyo," kana kwamba ameulizwa. Nilipata kwamba walihesabu boti. Nilipata jina la ndizi za aina fulani ambazo Winfrida alizitafuta sokoni na hakuzipata. Mengine yalianguka.

Kisha mtoto akasema kitu na akaonyesha kwa mikono, mikono yote miwili mbele, ngumi zimefungwa, anasukuma. Hapo nilielewa kila neno, maana yalikuwa maneno ya somo la tatu: kiti, na gurudumu. Nilimuuliza tena nihakikishe. Akarudia, akasukuma tena hewa kwa mikono ile.

"Anasema nini?" Mama Winfrida akauliza.

Nilifikiri kumwambia kwamba mtoto anasimulia mchezo. Lakini nilikuwa nimeshamwekea maneno yangu mahali pa maneno ya wengine mara moja, na nilijua kilichotokea.

"Winfrida hakuweza kutembea," nikasema. "Miguu iliacha kwanza. Alikaa kwenye kiti cha magurudumu. Muda gani sijui, nadhani amesema mwaka. Kila jioni walitoka vilevile, kando ya ukuta ule."

"Nani alikisukuma?"

"Huyu."

Hakusimama. Nilitegemea asimame. Alipunguza mwendo, mtoto naye akapunguza bila kuambiwa. Mama Winfrida alitazama mikono ya Esther, ambayo ilikuwa bado iko mbele, imefumbatwa. Aliitazama jinsi anavyotazama mzigo kabla ya kuubeba.

"Na wao bado waliita hivyo?" akaniuliza. "Hata yeye akiwa amekaa?"

Nilimuuliza mtoto. Mtoto alishangaa swali. Alisema ndiyo, wangeita nini kingine.

Mama Winfrida akasema, "Kila Jumapili alinionyesha uso tu." Hakumwambia mtu. Sauti yake ilikuwa ileile ya kuuliza kama chai imewafikia wote. Kisha alifungua mikono yake iliyokuwa imekunjwa tumboni, akachukua mkono mmoja wa mtoto, ule wa karibu, akaufungua vidole kimoja kimoja, akaushika. Mtoto alikubali. Akaendelea kusema, haraka kuliko mwanzo, na sasa sikupata hata neno moja.

"Sisikii tena," nikamwambia. "Nisamehe. Anakwenda mbio."

"Muache aseme," akanijibu.

"Hutaelewa."

"Nimesikia, Mzee Dismasi. Muache aseme."

Goti langu la kulia lilikuwa limeanza kukataa tangu kwenye nyavu. Niliwaambia nitawasubiri. Nilikaa juu ya mtumbwi uliovutwa juu, wao wakaendelea. Niliwasikia kwa muda. Mtoto alisema sana kwa lugha yake. Halafu akanyamaza, na nikasikia Mama Winfrida anasema, si kwa Kiswahili, kwa Kiha. Sikuwahi kumsikia akizungumza Kiha kirefu namna ile tangu mama yake afe. Nilishika jina la Kalinzi, na Mwamgongo, na habari ya kuteleza kwenye mawe wakati wa mvua. Mtoto aliitikia pale ambapo angeitikia kama angeelewa. Kisha zamu yake ikarudi.

Nilisubiri hadi mbu waliponiondoa. Walirudi kwa njia nyingine, ya juu, kwa hiyo hawakunipitia. Asubuhi Marselino na binti yake walikwenda uwanja wa ndege na Mama Winfrida akaenda nao. Mimi goti lilikuwa limevimba, sikutoka kwa siku nyingi, naye hakupita kwangu. Kabla mwezi haujaisha, kaka yake Alphonce alikuja kutoka Kalinzi na gari la mizigo akamchukua. Nilikuwa Kigoma mjini siku hiyo, nimepanga foleni ya dawa. Nimeambiwa yuko salama huko, na kwamba jioni hutoka akatembea kwenye njia za migomba, na watu wamezoea. Mlima ule mimi siuwezi tena.

Kwa hiyo mara ya mwisho niliwaona nikiwa nimekaa juu ya mtumbwi ule. Walikuwa wamenipa mgongo. Mtoto alikuwa upande wa maji, bibi upande wa nchi kavu, na walikwenda polepole, kwa mwendo wa kusukuma kitu chenye magurudumu kwenye mchanga. Walipita nyavu za mwisho za dagaa, wakapita nyumba ambayo ziwa limeila nusu, na nyuma ya ile nusu iliyobaki sikuwaona tena.